Mzigo wa Mwenzio: Historia ya Starehe ya Kupanda Kilimanjaro

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa maneno hayo walitukumbusha ya kuwa asiyebeba haujui uzito. Katika makala haya tunauchukua msemo huo na kupanda nao Mlima Kilimanjaro, ambako kwa zaidi ya miaka 100 watu wenye nafasi wamekuwa wakija kutoka nchi za mbali kutembea kwa starehe, na watu wengine wamekuwa wakiibeba starehe hiyo vichwani na mabegani. Historia ya mlima huu imeandikwa sana kwa majina ya waliofika kileleni. Yafaa isomwe pia kwa upande wa waliobeba.

Kabla ya wageni kuja, Wachagga hawakuwa na desturi ya kuupanda mlima kwa kujifurahisha. Mlima ulikuwa chanzo cha maji, na maji hayo waliyaongoza kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa ustadi, hadi kwenye vihamba vyao vya migomba. Kibo kilikuwa pia kitu cha kustahiwa, na upande unaoelekea Kibo ulihesabiwa kuwa upande wa heshima. Lakini si kweli kwamba hakuna aliyethubutu kupanda. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, alisimuliwa habari za Mangi Rengua wa Machame, aliyewahi kutuma watu wakakichunguze kile kitu cheupe kilichong'aa juu. Walioenda walikuwa wengi, ila aliyerudi ni mmoja tu, naye viungo vyake vilikuwa vimeharibiwa na baridi. Hata Rebmann mwenyewe alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, alijibiwa kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Huko Ulaya mabingwa wa jiografia walibishana kwa miaka mingi kama theluji yaweza kuwapo karibu na Ikweta. Kiongozi yule hakuwa na haja ya ubishi huo.

Basi fikira ya kupanda mlima kwa ajili ya raha ilitoka wapi? Ilizaliwa katika milima ya Alps. Mwaka 1786 watu wawili wa Chamonix, daktari Michel Paccard na mtafuta mawe ya thamani Jacques Balmat, walifika kilele cha Mont Blanc. Mwaka 1857 matajiri na wasomi wa London waliunda chama chao cha wapanda milima, na mwaka 1863 Thomas Cook alianza kuwapeleka Waingereza Uswisi kwa makundi. Tangu hapo jabali na barafu, vilivyokuwa vitisho kwa wakulima wa mabonde, vikawa bidhaa ya kuuzwa kwa watu wa mijini waliochoshwa na moshi wa viwanda. Lakini neno moja tulitie moyoni. Mwaka 1887 mji wa Chamonix ulisimamisha sanamu, na katika sanamu ile Balmat, mtu wa kijijini, amesimama bega kwa bega na mwanachuoni de Saussure akimwonyesha kilele. Ulaya ilijua kumheshimu mwenyeji aliyeonyesha njia, maadamu mwenyeji huyo alikuwa Mzungu.

Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na mwenzake wa Austria, Ludwig Purtscheller, walifika juu ya Kibo. Meyer alikuwa mtoto wa familia tajiri ya wachapaji vitabu, naye alikwisha kushindwa kufika kileleni mwaka 1887. Ni nini basi kilichompa ushindi safari hii? Ujuzi wa Purtscheller katika barafu ulisaidia sana. Lakini sababu kubwa ilikuwa chakula. Meyer alipanga kambi zake kwa ngazi, kutoka Marangu hadi juu karibu na barafu, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kila baada ya siku chache wakipeleka chakula na kuni. Kwa hiyo alipofika ukingo wa shimo la Kibo tarehe 3 Oktoba na kulazimika kurudi nyuma, hakuhitaji kushuka hadi Marangu. Alipumzika, akala, na siku ya tatu akafaulu. Katika kambi ile ya juu alikuwapo Muini Amani wa Pangani, mtu wa pwani ya joto, akiwatunzia hema na chakula katika baridi ambayo wenyeji wa pwani hawakuwa wameizoea. Jadi ya Marangu humtaja pia Yohani Kinyala Lauwo miongoni mwa walioonyesha njia. Yeye aliishi hadi mwaka 1996, na jina lake lilienziwa hadharani mwaka 1989, miaka 100 ilipotimia tangu safari ile. Wengine waliobeba hatuwasomi kwa majina katika vitabu vya shule.

Meyer alikipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Kutaja ni kutawala, na wakoloni walilijua jambo hilo. Vibanda vya kulala wapanda mlima vilipojengwa kwenye njia ya Marangu, kimoja kiliitwa Bismarck, na cha pili kikaitwa Peters. Huyu Peters ndiye Carl Peters, mtu ambaye wananchi walimwita Mkono wa Damu. Alipokuwa mkuu wa Wajerumani katika Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake na msichana wa Kiafrika, ukatili uliochukiza hata watu wa kwao, hata akafukuzwa kazi mwaka 1897. Ebu tafakari: kwa miaka mingi mgeni alilala kwa raha chini ya jina hilo, na mpagazi wa Kichagga alilazimika kulitaja kila alipoulizwa anapeleka mzigo wapi.

Uhuru ulileta zamu yetu ya kutaja. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipeleka kileleni bendera ya Tanganyika na mwenge, na kilele kikaitwa Uhuru. Kibanda cha Bismarck kikawa Mandara, kwa jina la Mangi wa Moshi. Cha Peters kikawa Horombo, kwa jina la mtawala shujaa wa Keni. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa mwaka 1977, na mwaka 1987 mlima uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Hizi ni kazi za utamaduni sawasawa na ngoma na ushairi, kwa sababu taifa linalojitajia mahali pake hujirudishia nafsi yake.

Hata hivyo jina hubadilika kwa siku moja, bali mzigo haubadiliki upesi hivyo. Siku hizi watu huja kwa maelfu kila mwaka kukifuata kilele cha meta 5,895, na baadhi yao hulipa fedha nyingi ili mlima uwapokee kama hoteli. Jioni mgeni hukuta hema limekwisha simama, meza imetandikwa kitambaa, viti vimepangwa, maji ya moto yamewekwa, supu inafuka moshi, na choo cha kubeba kimewekwa kando. Asubuhi huondoka mikono mitupu, na vitu vyote hivyo humpita njiani vikiwa vichwani mwa watu, ili vimtangulie kambini. Viongozi humwambia mgeni aende polepole, na ni shauri jema, maana hewa ya juu ni nyepesi na mwenye haraka huugua. Lakini mpagazi hana polepole. Yeye hutoka nyuma ya mgeni na hutakiwa afike mbele yake. Wapagazi wenyewe huitana wagumu, na jina hilo walilolichagua linasema mengi kuliko vitabu.

Je, tuseme basi kwamba mgeni asije? La hasha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa. Upagazi ni kazi ya halali, nao una fahari ya kale. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba frasila mbili kwa mwendo wa miezi kutoka bara hadi pwani, na kijana aliyeirudia safari hiyo alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Kilimanjaro nayo imesomesha watoto wengi kwa jasho la wagumu. Ndiyo maana mwaka 2019, lilipotangazwa wazo la kujenga gari la kamba la kupandisha watalii, wapagazi walikuwa wa kwanza kulipinga. Hawakutaka kuondolewa mzigo pamoja na mkate. Wanachodai ni kwamba mzigo upimwe na ujira ulipwe. Kanuni za mlima zinaweka mpaka wa kilo 20 kwa mpagazi, na kuna mizani langoni. Kila gramu inayozidi huko, na kila mtu anayepandishwa bila viatu na nguo za baridi, ni mabaki ya msafara wa zamani ndani ya nchi huru.

Kwa hiyo walimu wanapofundisha habari za mlima wetu, wasiishie kwenye swali la nani alifika kwanza. Wawaulize wanafunzi: nani alibeba chakula chake? Alilipwa nini? Aliitwa nani? Na wanafunzi wanaoishi Marangu, Machame, Umbwe na Rombo wana kazi ambayo mwanachuoni wa mbali haiwezi: wawaendee wazee waliowahi kupanda na mizigo, wayaandike majina yao, njia walizopita na ujira waliopewa. Wazee hao hawatadumu. Theluji ya Kibo inapungua mwaka hata mwaka, na kumbukumbu zao nazo zinapungua vivyo hivyo. Tukiyaokoa majina hayo, kilele tulichokiita Uhuru kitakuwa cha wote waliokipanda, pamoja na wale ambao kazi yao iliwaishia kambini, wakiwapikia wenzao.