Geuza Bitana Kwanza

Ukitaka kununua haori ya zamani, lile koti la hariri linalovaliwa juu ya kimono, usiangalie nje pekee. Igeuze, kama unavyokagua mtumba Gikomba. Yangu niliipata Kyoto, kwenye soko la hekalu la Toji, linalofanyika tarehe 21 kila mwezi. Nje ni nyeusi tii, haina hata ua moja. Ndani sasa! Bitana imechorwa mlima, mawingu na korongo wawili.

Hiyo si fasheni tu. Enzi ya Edo (1603–1868), wafanyabiashara walikuwa na pesa lakini cheo hawana. Walihesabiwa chini ya samurai, wakulima na hata mafundi. Watawala wakatoa amri baada ya amri kuwakataza nguo za kifahari. Basi wakavaa rangi zilizopoa nje, utajiri wakauficha ndani. Nani angekukagua hadi bitana?

Lakini bitana hiyohiyo ilikuja kubeba mambo mengine. Miaka ya 1930, Japani ikiwa vitani China, haori za wanaume na hata kimono za watoto wavulana zilichorwa ndege za kivita, vifaru na manowari. Pale watu walipojificha wasionekane na watawala, vita navyo vikapata nafasi.

Haori hizo bado zinauzwa, na ukizitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha na yangu. Ndiyo maana nasema geuza. Ukishaona ndani, ndipo utajua unalipia ukaidi wa nani, au vita vya nani.