Ridhaa Mbele ya Kisu

Mwaka 2017 daktari wa Kenya, Tatu Kamau, aliiomba Mahakama Kuu ibatilishe sheria ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji. Alidai kuwa mwanamke mtu mzima aliye huru kunywa pombe na kuvuta sigara aachwe pia aamue juu ya mwili wake, hata akitaka kukeketwa. Machi 2021 majaji watatu walimkatalia. Waliona madhara yamethibitika, na kwamba hata mtu mzima anayekubali husukumwa na jamii inayomzunguka. Kwa sheria hiyo, ridhaa ya aliyekatwa haimwokoi aliyemkata.

Huko London, wakati huohuo, mwanamke aliweza kuingia kliniki binafsi, akalipa, akapunguzwa mashavu madogo ya uke kwa kuwa haridhiki na umbo lake. Uingereza nayo ina sheria dhidi ya ukeketaji, ya mwaka 2003. Sheria hiyo inaruhusu upasuaji unaohitajika kwa afya ya mwili au ya akili, ila inasema kwamba katika kupima afya ya akili, imani kuwa mila ndiyo inayoutaka haihesabiki. Basi anayeteseka kwa maneno ya bibi yake hana pa kubisha hodi, na anayeteseka kwa picha za mtandaoni anafunguliwa mlango. Nyani haoni kundule.

Tanzania imefuata njia ya tatu. Kifungu kilichoingizwa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 1998 kinamlinda msichana aliye chini ya miaka 18, na mtu mzima hakikumtaja. Nchi mbili jirani, zenye makabila yanayovuka mpaka, zimempa mwanamke wa miaka 20 majibu mawili tofauti.

Umbo lenyewe nalo halina kipimo kimoja duniani. Nchini Rwanda, wasichana kwa vizazi wamefundishwa kuvuta mashavu hayohayo ili yarefuke, desturi iitwayo gukuna. Kwa Waganda, mafunzo hayo ni kazi ya ssenga, yaani shangazi. Urefu unaomtia aibu mteja wa London ndio ambao msichana wa Rwanda alihimizwa kuutafuta. Daktari anayemwambia mteja kwamba ana kasoro, huku viungo vyake vikifanya kazi vizuri, anatamka mila ya mahali pake kwa sauti ya utabibu. Ndiyo maana chama cha wataalamu wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, mwaka 2007 na tena 2020, kiliwataka madaktari wawaeleze wanawake jinsi maumbile ya kawaida yanavyotofautiana, uchache wa ushahidi wa faida ya upasuaji huu, na hatari zake: maambukizi, makovu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na kupungua kwa hisia.

Mafakihi wa Kiislamu huanzia kwingine. Kwao mwili ni amana, kwa hiyo swali la kwanza ni sababu ya kuugusa. Katika kikao cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro na majeraha, likakataza ule wa kubadili umbo la kawaida kwa kufuata matamanio. Juu ya kushona kizinda, lilimruhusu aliyeumia kwa ajali au kubakwa, likamkatalia aliyezini. Utaratibu huu una huruma, lakini unamfanya mwanamke aeleze historia yake ili apate huduma.

Uingereza ilifika mahali pengine kabisa. Mwaka 2022 ilifanya upasuaji huohuo wa kushona kizinda kuwa kosa la jinai, hata kama mwanamke mtu mzima ameukubali, kwa hoja kwamba nyuma ya ridhaa hiyo kuna shinikizo la familia. Kumbe sheria ya huko inajua kuchunguza shinikizo lililojificha nyuma ya neno "nataka". Inachosita kuchunguza ni shinikizo la soko lake yenyewe.

Chombo cha kufanyia uchunguzi huo kipo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa haki Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye daktari wake hakumweleza hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua. Tangu hapo daktari analazimika kueleza kila hatari ambayo mtu aliye katika hali ya mgonjwa huyo angeiona ni nzito, pamoja na njia mbadala. Katika upasuaji wa urembo kipimo hicho kingepaswa kuwa kikali zaidi, maana hakuna ugonjwa unaoharakisha uamuzi, na anayetoa maelezo ndiye anayepokea malipo.

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Matangazo ya kubana uke na kuufanya upya yanasomwa kwenye simu za Nairobi na Dar es Salaam, ingawa mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba leza zinazouzwa kwa kazi hiyo hazijaidhinishwa kwayo na zimewaunguza wanawake. Na sheria ya Kenya huachilia tiba yenye lengo la kweli la kuponya. Urembo mtupu si kuponya, wala sheria haikusema koti jeupe linasamehewa.

Mahakama ya Nairobi ilikuwa sahihi kuuliza nani anamsukuma anayekubali. Kosa lingekuwa kumuuliza swali hilo mteja wa ngariba na kumsamehe mteja wa kliniki. Mabaraza yetu ya madaktari yaandike kanuni sasa: asiyefikisha miaka 18 asiguswe kwa urembo, mtu mzima apewe muda wa kutafakari na ushauri wa mtaalamu asiye na maslahi katika malipo hayo, na aambiwe waziwazi kwamba alivyo ni kawaida. Akishayasikia hayo yote bila kusukumwa, uamuzi uwe wake.