Messiah ya Mwaka Gani?

Malcolm Sargent alirekodi Messiah ya Handel pamoja na Huddersfield Choral Society mara tatu: 1946, 1954 na 1959. Kwa mtunza santuri huo ni mtihani. Kwaya ni ileile ya Yorkshire, okestra ni ileile ya Liverpool, na kati ya rekodi ya 1954 na ya 1959 waimbaji wa solo hawakubadilika isipokuwa mmoja. Elsie Morison yumo kote kwenye sauti ya kwanza, Marjorie Thomas kwenye ya pili, Richard Lewis kwenye ya tatu. Besi ndiyo iliyobadilika. Mwaka 1954 aliimba Norman Walker. Mwaka 1959 aliimba James Milligan, kijana wa Kanada aliyefariki 1961 akiwa na miaka 33 tu.

Sasa ipate santuri hiyo haina jalada, lebo imeliwa na unyevu, na kati ya diski tatu za seti imebaki moja, tena isiyo na hata wimbo mmoja wa besi. Ndivyo zilivyokuwa zikitufikia kwenye maktaba ya santuri redioni: kwenye makasha ya wamisionari waliorudi kwao, zimechanganywa na vitabu vya tenzi na risiti za saruji. Kazi yangu ilikuwa kuzipa kila moja kadi, na kadi ina mstari wa mwaka.

Walimu wa kwaya walipenda kuja kusikiliza, hasa Desemba, kila mmoja akitaka "Aleluya" yake iende kama ya Waingereza. Mmoja wao, mtu wa heshima na mbishi kwelikweli, aliishika diski kama hiyo akaniambia, "Mama, hii ni ya zamani sana, ya mara tu baada ya vita. Sikiliza wanavyovuta."

"Mwalimu, tusibishane," nikamjibu. "Tuisome."

Santuri husomwa kwa kuilaza chini ya taa na kuizungusha polepole mpaka mwanga uteleze juu ya ile sehemu laini iliyo kati ya mstari wa mwisho wa sauti na lebo. Hapo pana maandishi madogo yaliyogongwa kiwandani. Kwenye yetu yalianza na XAX, kisha namba, kistari, tarakimu moja na herufi N. Hiyo ndiyo namba ya matriksi. Kwenye santuri za Columbia za Uingereza za miaka hiyo XAX ilikuwa alama ya mono, na YAX alama ya stereo. Ile tarakimu baada ya kistari huonyesha upande huo ulichongwa mara ya ngapi.

Lakini mono peke yake haikumaliza ubishi. Rekodi ya 1959 ilifanywa kwa stereo, ila iliuzwa kwa namna zote mbili, maana nyumba nyingi bado zilikuwa na gramafoni ya spika moja. Kwa hiyo XAX ingeweza kuwa ya 1954 au ya 1959. Kilichoamua ni namba yenyewe. Namba za matriksi zilitolewa kwa mfululizo kadiri kazi ilivyoingia, na mimi nilikuwa na santuri nyingine za Columbia ambazo tarehe zake nilizijua. Nikaipanga yetu katikati yao. Ikaangukia 1954, na mwalimu akavaa miwani kuhakikisha kwa macho yake.

Watu huanza na namba ya katalogi kwa sababu ndiyo inayoonekana: 33CX kwa mono ya Columbia, SAX kwa stereo. Ni namba nzuri, lakini ni ya dukani. Rekodi ikitolewa upya kwa bei nafuu hupewa namba nyingine. Ikienda Marekani, EMI iliiuza kwa lebo ya Angel, kwa namba nyingine tena. Enzi za shelaki, diski za mizunguko 78 ambazo upande mmoja ulibeba dakika nne au tano tu, seti moja iliweza kuwa na namba mbili katika nchi hiyohiyo: moja kwa mnunuzi anayegeuza diski kwa mkono, nyingine kwa mwenye mashine inayoziangusha yenyewe moja baada ya nyingine, ambaye pande zake zilibidi zipangwe vingine. Katika mabadiliko hayo matriksi kwa kawaida ilibaki palepale, kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Iliandikwa na fundi kwa ajili ya fundi mwenzake.

Na mafundi hao walikuwa na mambo yao. Pembeni mwa matriksi, upande wa kushoto wa santuri ya EMI, kuna tarakimu, na kulia kuna herufi moja au zaidi. Ili uzielewe lazima ujue ukoo wa santuri. Sauti huchongwa kwenye diski laini. Diski hiyo hupakwa chuma, na chuma kikibanduliwa huitwa baba. Baba huzaa mama, na mama huzaa mihuri inayokandamiza vinili kiwandani mpaka ichakae. Tarakimu ya kushoto ni ya mama. Herufi za kulia ni za muhuri, na husomwa kwa neno GRAMOPHLTD, yaani jina la Gramophone Company lililokatwakatwa mpaka zikabaki herufi kumi zisizojirudia: G ni 1, R ni 2, A ni 3, na kuendelea mpaka D ambayo ni sifuri. Ukikuta GO, huo ni muhuri wa 15. Columbia ilikuwa na lebo yake, lakini tangu 1931 iliungana na Gramophone Company kuwa EMI, ndiyo maana santuri zake nazo zina herufi hizo. Wapinzani wao Decca walitumia BUCKINGHAM, herufi kumi vilevile. Nakiri napenda hili kuliko mtu mzima anavyopaswa.

Utaratibu huu wa namba ulienda kila kampuni ilikokwenda. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice, lebo ya Gramophone Company, nyimbo zake za Kiswahili nazo ziliingia katika daftari za namba za kampuni ileile ya London. Kabla ya kuwapo namba palikuwa na kubahatisha. Tarehe 29 Juni 1888, katika tamasha la Handel kwenye Crystal Palace, wakala wa Edison, George Gouraud, alinasa kwenye silinda za nta maelfu ya waimbaji wakiimba Israel in Egypt chini ya August Manns. Ni miongoni mwa rekodi za kale kabisa za muziki zilizobaki, na sauti yake ni kama mvua juu ya bati. Kilichotuwezesha kujua ni nini ni maelezo aliyoyaacha aliyeirekodi. Kama yangepotea, sikio peke yake lisingetosha.

Kompakt diski zilipokuja, alama ziliongezeka. Deutsche Grammophon na ndugu zake waliweka tarakimu ya mwisho kuonyesha chombo: 1 kwa santuri, 2 kwa CD, 4 kwa kaseti. Tangu 1986 kuna ISRC, alama yenye herufi na tarakimu 12 inayotolewa kwa kila wimbo. Ndani yake mna mwaka, na hapo ndipo vijana wanaponasa: mwaka huo ni wa kutolewa kwa alama, wala si wa kurekodiwa kwa wimbo. Sheria imezidisha mkorogano. Umoja wa Ulaya uliporefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, zile zilizotolewa kabla ya 1963 ziliachwa nje. Kwa hiyo Messiah zote tatu za Sargent ziko huru huko. Kampuni yoyote inaweza kuzinakili, kuzipa ISRC mpya, na kuweka picha ya mshumaa kwenye jalada.

Mjukuu wangu ananiletea simu: "Bibi, hii ni ipi?" Imeandikwa Sargent, Huddersfield, na mwaka wa karne hii. Hakuna santuri ya kulaza chini ya taa. Namwambia apeleke moja kwa moja sehemu ya tatu, kwenye wimbo wa tarumbeta, ambako besi hawezi kujificha. Kama ni Milligan tunaandika 1959. Kama ni Walker bado kuna kazi, kwa sababu Walker aliimba 1946 pia, na inabidi turudi kwenye sauti ya kwanza kuuliza kama ni Morison au Isobel Baillie.