Mikono Gizani (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Phil Ochs, Mmarekani mwenye gita na nyimbo za kuikera serikali yake, yuko Dar es Salaam mwaka 1973. Ni usiku, anatembea ufukweni. Ghafla mikono ikamkaba koo...

SASA ENDELEA

Walikuwa vibaka. Shida yao mifuko, koo lilikuwa njia tu. Watu wa Dar wanaujua mchezo huo: roba.

Roho ilisalimika. Sauti haikusalimika yote. Noti tatu za juu ziliondoka usiku ule. Tatu tu, utasema. Haya, mwambie hivyo mtu anayesimama jukwaani na gita moja, bila bendi ya kumfichia aibu.

Phil mwenyewe hakukubali kwamba ni vibaka tu. Alishuku CIA. Mimi naona ni roba ya kawaida, lakini simcheki. Alikuwa ameimba miaka mingi dhidi ya vita vya Vietnam, na FBI walimfungulia faili la mamia ya kurasa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na kichwani mwake tayari mlikuwa na maradhi, pombe ikiyachochea. Sasa hofu nayo ikapata pa kulala.

Hata hivyo, ziara hiyo ya Afrika ilimwachia santuri. Aliirekodi Kenya na Pan African Ngembo Rumba Band, kwa Kilingala na Kiswahili. Upande mmoja "Bwatue", wa pili "Niko Mchumba Ngombe". Sarufi tumwachie yeye na ng'ombe wake.

Septemba ya mwaka huohuo, wanajeshi wa Chile walimpindua Rais Salvador Allende. Phil alikuwa na rafiki huko: Víctor Jara, mwimbaji kama yeye, waliyekutana 1971. Jara alikamatwa, akafungiwa uwanjani Santiago pamoja na maelfu ya wenzake, akateswa, akamiminiwa risasi. Huyu wa Dar alikabwa akapona. Yule wa Santiago hakupewa nafasi hiyo.

Habari zilipomfikia, Phil aliwaka. Akapanga tamasha la kuwachangia Wachile: Felt Forum, New York, tarehe 9 Mei 1974. Akahangaika kutafuta wasanii.

Tiketi zikadoda.

Siku zinayoyoma, viti vitupu. Jina moja tu lingeweza kuujaza ukumbi: Bob Dylan. Tatizo ni kwamba miaka ya sitini, Phil alipothubutu kusema wimbo mpya wa Dylan haukumvutia, Dylan alimshusha garini. Akamwambia yeye si mwimbaji, ni mwandishi wa habari tu.

Sasa wamekutana tena New York, uso kwa uso. Phil akaanza kumsimulia habari za Allende, kwa sauti ileile iliyopungua noti tatu. Dylan anamsikiliza...

ITAENDELEA WIKI IJAYO