Wazamiaji wa Kojani

Kitenzi kuzamia kina maana mbili zinazokutana katika historia ya Pemba: kushuka chini ya maji kutafuta riziki, na, kwa lugha ya mitaani, kuingia nchi ya watu bila karatasi. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo kilicho mashariki ya Pemba, wanaijua maana ya kwanza tangu enzi za mababu, lakini ya pili walibandikwa tu, kwani walipoanza kwenda Vanga, Shimoni na Kilifi, katika pwani ya Kenya, hapakuwa na mpaka wa kuzamia.

Walikwenda kuvua msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, wakapiga dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi katika ufuo wa ugenini. Uvuvi huo ulitegemea mwili kuliko chombo: wavu ulitandwa kando ya mwamba, waogeleaji wakajipanga majini wakipiga maji na kupiga mbizi ili kuwafukuzia samaki wavuni, na wengine wakashuka kwa pumzi moja kuchokoa pweza au kuokota majongoo ya bahari. Kwa kulinganisha, mbio za kuogelea za mita 50, ambazo Magdalena Moshi aliziogelea kwa niaba ya Tanzania katika Olimpiki za Rio mwaka 2016, huisha kwa nusu dakika hivi. Mkojani hushinda majini. Lakini Olimpiki humtaka mwogeleaji awe na bendera, na Zanzibar haina kiti chake huko, hivyo Mpemba angeingia kama Mtanzania. Aliyelowea Kenya hakuwa na bendera yoyote.

Hadi Desemba 1963, ukanda wa pwani ya Kenya wenye upana wa maili 10 ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ijapokuwa Waingereza ndio walioutawala, kwa hiyo Mpemba aliyepiga dago Vanga alikuwa bado kwa sultani wake. Mwezi uliofuata yakaja Mapinduzi ya Zanzibar, na baadhi hawakurudi. Watoto wao walizaliwa Kwale na Kilifi, wakakua bila kitambulisho, na bila hicho leseni ya uvuvi haipatikani. Januari 2001, baada ya waandamanaji kupigwa risasi Pemba, zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Shimoni, safari hii wakiitwa wakimbizi. Ni Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipowatambua Wapemba kuwa mojawapo ya makabila ya Kenya, karibu miaka 60 baada ya mpaka kuwakuta wakiwa majini.