Ukuaji wa gamba la Arctica islandica

Arctica islandica ni kombe wa maji baridi ya Atlantiki ya Kaskazini. Kila mwaka gamba lake hujiandika mstari mmoja. Ili kuisoma mistari hiyo, wataalamu hulipasua gamba kuanzia bawabani hadi ukingoni, hulisugua likang'aa, hulitia asidi hafifu, kisha hunakili uso wake kwenye utando wa asetati na kuutazama kwa hadubini.

Tatizo ni uzee: mistari hubanana mno.

Kombe mmoja aitwaye Ming, aliyevuliwa karibu na Iceland mwaka 2006, alihesabiwa kwanza bawabani, akapewa miaka 405 hadi 410. Mwaka 2013 hesabu ilirudiwa ukingoni, mistari ilikoachana vizuri, ikathibitishwa kwa kaboni: 507. Tofauti si ndogo!

Upana kati ya mistari hutegemea zaidi chakula na joto la maji.