Amani Isiyolala: Uamsho wa Afrika Mashariki na Swali la Utulivu wa Moyo

Mahubiri mengi ya siku hizi huitoa amani ya moyo kama dawa ya usingizi. Mwamini huambiwa azime redio, amtwike Bwana mizigo yake, kisha alale. Wakosoaji wa dini, tangu Karl Marx, hawajahitaji ushahidi mwingine: watu wakishatulizwa, mnyonyaji anafanya kazi yake bila kusumbuliwa. Makala hii inadai kwamba mhubiri na mkosoaji wamekosea mahali pamoja, kwani wote wawili wanaichukulia amani ya Kikristo kuwa ni kuondokewa na usumbufu. Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki inaonyesha jambo jingine. Amani iliyowasimamisha watu mbele ya panga na bunduki ilianza kwa kuwasumbua, na iliwasumbua hadharani.

Hata maandiko yenyewe hayaungi mkono amani ya usingizi. Sura ya nne ya Waraka kwa Wafilipi ndiyo hutajwa zaidi panapozungumzwa amani ipitayo akili zote. Wasomaji wengi huanzia aya ya sita na kuiruka ya pili, ambamo Paulo, akiwa kifungoni, anawataja kwa majina Euodia na Sintike na kuwasihi wapatane. Fikiria barua hiyo ikisomwa kwa sauti mbele ya usharika, na wanawake hao wawili wameketi humo ndani. Ahadi ya amani inakuja baada ya ugomvi kuanikwa.

Uamsho ulichimbuka Gahini, katika Rwanda ya mashariki, kando ya Ziwa Muhazi, palipokuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari Joe Church alifika huko mwaka 1928, wakati njaa kali ikiua watu. Mwaka uliofuata, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, pale Namirembe, wakakaa pamoja wakisoma Biblia. Mzungu na Mwafrika kuketi hivyo kama wahitaji wawili, katika enzi ile ya ukoloni, halikuwa jambo dogo. Baadaye Yosiya Kinuka, kiongozi wa wafanyakazi wa hospitali, naye alikwenda Kampala na malalamiko yake kuhusu hali ya Gahini. Nsibambi hakumpa pole. Alimwelekeza aanze na dhambi iliyomo moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alikwenda kutafuta faraja, akarudi na toba, na watu wa Gahini wakaona mtu aliyebadilika.

Katika miaka ya 1930 moto huo ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hasa upande wa Bukoba, ambako miongoni mwa matunda yake alitokea Askofu Josiah Kibira. Waliookoka, au Balokole kama walivyoitwa Uganda, walikuwa na mazoea ambayo wageni waliyaona ya ajabu. Mtu alisimama katikati ya ndugu na kutaja alichoiba, aliyemchukia, mwanamke aliyemwendea. Hakuishia kutaja: shuka za hospitali zilirudishwa, fedha za mwajiri zikalipwa, mume akamwomba mkewe msamaha watu wakisikia. Alipomaliza, mmoja alianzisha wimbo wa Tukutendereza, na wote wakaupokea kwa Kiganda, hata wasiokijua. Wiki iliyofuata yuleyule aliulizwa anaendeleaje. Wenyewe waliuita mwenendo huo kutembea katika nuru.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Hofu hupata nguvu pale mtu anapokuwa na siri. Mtawala humtisha raia kwa kujua anachoficha, na jirani humtisha jirani vivyo hivyo. Aliyekwisha kujianika mbele ya mkewe, mwajiri wake na kijiji kizima amepunguza sana kamba za kumfungia. Sidai kwamba ndugu waliieleza amani yao kwa lugha hii, kwani wao walisema ni damu ya Yesu. Lakini kwa anayetazama historia, imani hiyo na desturi hiyo ya kuungama havitenganiki, na anayetaka matunda ya imani hiyo leo huku akikwepa desturi yake anajidanganya.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuja Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau. Wengi wao walikataa pia kupokea bunduki za serikali, wasije wakahesabiwa upande wowote. Wapiganaji waliwaona wasaliti, na serikali nayo haikuwaelewa. Baadhi waliuawa. Haki inadai tuongeze kwamba waliokula kiapo walikuwa na dai la kweli: ardhi yao ilikuwa imeporwa. Ndugu walio wengi hawakulisemea dai hilo kwa nguvu iliyostahili, na itatupasa kuurudia upungufu huo. Hata hivyo, huwezi kumwita mtu aliyelazwa usingizi yule anayekaa nyumbani kwake bila silaha, akijua atakayebisha hodi usiku huenda ni wa msituni au wa serikali. Katika kanisa la kuwakumbuka waliouawa, huko Murang'a, msanii Elimo Njau alichora maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalaba, katika mandhari ya vilima vya Wakikuyu. Gethsemane imo miongoni mwa michoro hiyo, na mahali pake ni hapo hasa.

Uganda ya Idi Amin inatupa ushahidi ulio wazi zaidi. Janani Luwum, mwalimu aliyeokoka mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana tangu 1974. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba yake wakidai kutafuta silaha. Maaskofu waliandika barua ya kumpinga rais waziwazi. Tarehe 16 Luwum aliitwa na serikali, akatengwa na wenzake, akauawa. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Mwenzake, Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alitoroka na mkewe kupitia milimani hadi Rwanda, na mwaka huohuo akatoa kitabu alichokiita kwa Kiingereza I Love Idi Amin.

Jina hilo liliwakera wengi, na wanaolisikia tu hudhani Kivengere alikuwa mtu wa kusamehe kirahisi. Yeye mwenyewe ameeleza vingine. Akiwa uhamishoni alimchukia Amin, na chuki hiyo ikamkausha rohoni, hadi Ijumaa Kuu alipokuwa kanisani London akahukumiwa na msamaha wa Yesu msalabani. Huyu alikuwa askofu, mtu wa Uamsho wa miaka mingi, na amani ilikuwa imemtoka. Ilimrudia kwa njia ileile ya Gahini: kukiri, tena mbele ya watu. Wala haikumnyamazisha, maana aliendelea kusema wazi mabaya ya utawala ule.

Kuna pingamizi moja ambalo halikwepeki, nalo ni Rwanda ya 1994. Nchi ilikochimbuka Uamsho ndiyo iliyoshuhudia Watutsi wakiuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Wapo waliobaki waaminifu: Israel Havugimana, mwinjilisti Mhutu aliyehubiri upatanisho, aliuawa siku za mwanzo. Lakini viongozi wa makanisa, Waanglikana wakiwemo, walikuwa wamezoea mno kukaa karibu na serikali ya Rais Habyarimana. Sioni kwamba kuungama kulishindwa, naona kulifupishwa, nao ni upungufu uleule wa Kenya. Kwa miongo mingi orodha ya dhambi za kuungamwa ilikuwa na pombe, uzinzi, wizi na hasira, lakini haikuwa na kitambulisho kilichoandikwa kabila, mgawo wa nafasi shuleni, wala ardhi ya jirani Mtutsi aliyekimbia mwaka 1959. Moyo uliotulia juu ya mambo yasiyoungamwa ni moyo uliopumbazwa, na hapo mkosoaji ana haki yake yote.

Kwa hiyo mchungaji anayehubiri amani leo, iwe Goma, Nairobi au Kigoma, asianze na aya ya sita. Aanze na ya pili, ataje ugomvi uliomo kanisani mwake, wa kabila, wa fedha za usharika na wa mashamba, na ajitaje yeye kwanza.